Gadi ya juu inanifikisha kwenye kamba: niiache au niirekebishe?

Swali: "Kocha, nina mwaka mmoja na nusu kwenye ngumi na bado sijapigana pambano rasmi. Nilifundishwa gadi ya juu, glavu mbili pembeni mwa uso na viwiko karibu na mbavu. Kwenye sparingi, yaani pambano la mazoezi, nazuia ngumi nyingi, hata wenzangu wanakiri, lakini raundi ikiisha mimi ndiye niliyekuwa kwenye kamba. Apakati, zile ngumi za kutoka chini, zinapenya katikati, napigwa mwilini, na nikifungua mikono nirudishe, mtu ameshaondoka. Wengine wananiambia niachane nayo nijifunze gadi ya bega kama ya Mayweather. Nifanyeje?"

Usiiache, ndugu yangu, angalau si sasa. Gadi ya bega inamtaka mtu anayejua umbali vizuri mno na anayeisoma ngumi kabla bega la mpinzani halijamaliza kugeuka. Mkono wa mbele unashuka kiunoni, uso unabaki na ulinzi wa bega moja na kiganja kimoja. Anayesukumwa hadi kwenye kamba akiwa amejifunika pande zote mbili, atasukumwa hadi kwenye kamba hizo hizo akiwa amejifunika nusu. Isitoshe, maelezo yako mwenyewe yanaonyesha kwamba gadi yako inafanya kazi, kwa sababu ngumi nyingi zinazuiwa. Kinachokosekana ni kile kinachotakiwa kufuata.

Kuzuia ngumi ni nusu ya kitendo. Nusu ya pili ni kurudisha, au kuhamisha mguu, au vyote viwili, na inatakiwa iwe imeshaanza wakati ngumi ya mpinzani bado iko juu ya glavu yako. Wewe unazuia, unasubiri usikie kama amemaliza, kisha ndipo unafungua. Anaondoka wakati wa kusubiri huko. Na kwa kuwa hakuna kinachomrudia, anajifunza haraka kwamba anaweza kusimama mbele yako kwa raha, akachagua pa kupiga, akatafuta mwanya kati ya viwiko bila haraka yoyote. Apakati zinazokusumbua na ngumi za mwilini zinaanzia kwenye raha hiyo.

Tazama mapambano mawili. Joshua Clottey wa Ghana alipokutana na Manny Pacquiao tarehe 13 Machi 2010 huko Arlington, Texas, gadi yake ilikuwa imara kuliko ya wengi wa wakati ule. Pacquiao alitupa zaidi ya ngumi 1,200 katika raundi 12, na sehemu kubwa iliishia kwenye glavu na mikono ya Clottey. Clottey hakuanguka. Lakini yeye mwenyewe hakufikisha ngumi 400, na majaji wakampa Pacquiao karibu kila raundi: 120–108, 119–109, 119–109. Kuna wakati Pacquiao alimpiga kwa mikono miwili kwa pamoja, kushoto na kulia, na refa akamwonya. Bondia hathubutu kuachia mikono yote miwili kwa mkupuo kama anaogopa kitu chochote kitakachorudi.

Sasa rudi miaka mitano nyuma, 14 Mei 2005, Las Vegas. Ronald "Winky" Wright anatumia gadi inayofanana sana na hiyo dhidi ya Félix Trinidad, mpigaji aliyewamaliza watu wengi kabla ya kengele ya mwisho. Wright, ambaye ni mashoto, anapokea kwenye viwiko na glavu, na mkono wake wa mbele unatoka pale pale shavuni ulipo, bila kuvutwa nyuma kwanza, unamgonga Trinidad usoni na kurudi pale pale. Trinidad anapiga mikono, na kabla hajaikusanya yake, jebu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, imeshamfika. Ilikuwa hivyo kwa raundi 12. Kadi mbili zilisomeka 119–108 na moja 120–107. Ukiyatazama mapambano hayo, acha kidogo kuangalia ngumi kubwa. Angalia muda unaopita kati ya ngumi kugusa glavu ya Wright na jebu yake kuondoka. Ni mfupi kiasi kwamba mara nyingine huwezi kusema kipi kimetangulia.

Basi tuanze na mikono, maana mkono uliokaa vibaya hauwezi kurudisha haraka hata ukitaka.

Kosa la kwanza ninaloliona kwa wenye gadi ya juu ni glavu kuelea mbele ya uso. Kukiwa na nafasi kati ya glavu na kichwa, ngumi ya mpinzani inaisukuma glavu yako na unapigwa na mkono wako mwenyewe. Sehemu ya chini ya glavu ikae kwenye mfupa wa shavu, juu yake ifike usawa wa nyusi au zaidi kidogo, ukingo uguse paji la uso kwa pembeni. Kidevu kiwe chini. Kifundo cha mkono kinyooke, kwa sababu kikipinda kwa ndani nguvu inapita na kufika tayani. Viwiko vielekee chini, mbele kidogo ya mbavu, na visibandikwe kiunoni, kwa sababu ukivibandika mabega yanajikunja na mkono haupati njia ya kutoka. Na usikaze misuli dakika tatu nzima. Ikaze pale tu ngumi inapogusa, toa pumzi fupi kwa wakati huo huo, kisha legeza. Wengi ambao mikono yao inashuka raundi ya tatu hawajakosa nguvu za mabega. Wamezitumia zote kwa kukaza wakati hakuna ngumi iliyokuwa inakuja.

Jebu usiipokee kwa glavu mbili zilizofungana. Idake kwa kiganja cha mkono wa nyuma, karibu na kidevu, kwa mwendo mdogo sana. Ukinyoosha mkono kuifuata, umemfungulia mlango wa huki itakayofuata. Huki yenyewe, ile ngumi ya kuzunguka, hupita nyuma ya glavu iliyokaa kizembe na kutua sikioni, na ngumi ya sikioni inaharibu mizani ya mwili kuliko inavyoonekana. Dawa yake ni kuisogeza glavu nyuma kidogo hadi ifunike sikio, kiwiko kikiinuka kiasi, kana kwamba unachana nywele za upande ule. Mkono mmoja tu unasogea. Wa pili ubaki ulipo, kwa kuwa huki ya kwanza mara nyingi ni chambo cha mkono wa pili.

Kuhusu apakati, naamini tatizo lako haliko mikononi hata kidogo. Nakuona, bila kuwa nimekuona, umeinama mbele, kichwa kimevuka goti la mbele, macho yanatazama sakafu au kifua cha mpinzani kutoka chini. Mtu akiinama hivyo, kidevu chake kinaning'inia juu ya mwanya wa viwiko. Nyoosha mgongo. Uzito urudi katikati ya miguu, hata uelekee mguu wa nyuma kidogo unapopokea. Kisha ngumi ya kutoka chini ikija, geuza kiwiliwili kidogo ili kigasha kimoja kivuke mstari wa katikati. Wapo makocha wanaofundisha kushusha kiganja cha nyuma kuibana apakati chini ya kidevu. Inafaa, ila anayeanza huishusha mno na mapema mno, na huki inampata. Mimi humwanzisha mtu na kugeuka, kiganja kije baadaye.

Kugeuka huko huko ndiko kunakolinda mwili. Mkono haushuki kuifuata ngumi ya tumbo. Goti linapinda, kiuno kinageuka, na kiwiko kinafika palipo na ngumi huku glavu ikiwa bado shavuni. Ini liko upande wako wa kulia, chini ya mbavu, na anayesimama mguu wa kushoto mbele hulitafuta kwa huki ya kushoto, kwa hiyo kiwiko chako cha kulia kina kazi maalumu ambayo hakiruhusiwi kuisahau. Kama una kiwiliwili kirefu, kutakuwa na nafasi kati ya kiwiko na mbavu za mwisho hata ufanyeje. Usijaribu kuiziba kwa kushusha gadi nzima. Kaa chini zaidi kwenye magoti. Mpinzani mjanja anapiga mwilini si kwa sababu ya mwili tu. Anataka kuona glavu yako inashuka kiasi gani, ili ngumi inayofuata iende juu.

Macho yana nafasi yake pia. Gadi ya juu inaziba pembeni, na anayeogopa huzifunga glavu kabisa mpaka anamwona mpinzani kwenye upenyo mwembamba. Kipimo ni rahisi: ukiwa kwenye gadi, unayaona mabega yake yote mawili? Kama unaona uso tu, umefunga mno. Ngumi huanzia begani na nyongani. Uso haukuambii kitu, na mabondia wengine wanautumia kukudanganya.

Tuje kwenye kurudisha. Kanuni ninayompa anayejifunza ni hii: mkono uliopigwa ndio unaojibu. Chukulia nyote wawili mnasimama mguu wa kushoto mbele. Huki yake ya kushoto ikigonga glavu yako ya kulia, upande wake wa kushoto umebaki wazi, nao ndio unaotazamana na mkono wako wa kulia. Uzito wako umeshahamia mguu wa kulia kwa kupokea, kwa hiyo mkono huo una nguvu tayari. Utoe moja kwa moja. Ngumi yake ya kulia ikigonga glavu yako ya kushoto, huki fupi ya kushoto ina njia. Jebu peke yake inakwenda tofauti kidogo: unaidaka kwa kiganja cha kulia na jebu yako ya kushoto inatoka wakati ule ule, si baada yake.

Sasa, usitafute kumwangusha kwa jibu hilo la kwanza. Kazi yake ni kumsimamisha, kumfanya afikirie mikono yake mwenyewe. Ngumi ya pili na ya tatu ndizo za kuweka uzito. Wengi wanaolalamika kwamba mpinzani "ameshaondoka" huwa wanaivuta ngumi nyuma kwanza ili iwe kubwa, na kuvuta huko kunakula muda wote uliopatikana kwa kuzuia. Glavu iko shavuni. Itoke hapo hapo ilipo.

Pia jifunze kuhesabu. Mabondia wengi wa kiwango chako hutupa ngumi mbilimbili au tatutatu, halafu wanavuta pumzi. Jiwekee sheria kwamba hupokei zaidi ya ngumi mbili bila kufanya kitu: kurudisha, kutoka pembeni, kumkumbatia, hata kumsukuma kwa bega akikukaribia. Ya tatu ikikukuta umekaa pale pale, umeshaanza kuwa begi la mazoezi. Hapa hesabu ya majaji nayo inaingia. Ngumi iliyotua kwenye glavu haistahili kuhesabiwa kama ngumi safi, ni kweli, na ngumi za ridhaa zilipoacha kuhesabu pointi kwa mashine na kuhamia mfumo wa pointi kumi kwa raundi mwaka 2013, zilikaribia zaidi mtazamo wa ngumi za kulipwa. Lakini jaji aliyekaa upande wa pili wa ulingo anasikia kishindo, anaona kichwa chako kinatikisika, na haoni kitu chochote kikitoka kwako. Raundi ya namna hiyo usitegemee kuipata. Arthur Abraham, bingwa mwenye gadi ngumu na mkono mzito, aliishi kwa kusubiri nafasi moja kubwa. Novemba 2010 mjini Helsinki, Carl Froch hakumpa nafasi hiyo, na Abraham akapoteza karibu kila raundi.

Miguu ndiyo inayokupeleka kwenye kamba, si gadi. Nina hakika kila unapozuia unarudi nyuma hatua moja kwa mstari ulionyooka. Ngumi nne, hatua nne, na ulingo umeisha. Zipo tabia mbili za kujenga. Ya kwanza ni kupokea ukiwa umesimama: goti la nyuma lipinde kidogo, kisigino cha nyuma kisilale kabisa sakafuni, nguvu ya ngumi ishuke mguuni badala ya kukusukuma. Ya pili ni kwamba ukirudi nyuma mara mbili, hatua ya tatu ni lazima iwe ya pembeni. Wakati mzuri wa kutoka pembeni ni mara baada ya kurudisha, kwa sababu kwa nukta hiyo yeye ndiye anayejikinga. Rudisha ngumi mbili, zungukia unyayo wa mguu wa mbele, wa nyuma uufuate kwa nusu duara, na utajikuta unamtazama kutoka ubavuni huku yeye akitazama mahali ulipokuwa.

Ukifika kwenye kamba licha ya hayo yote, usizilalie. Mgongo ukilala kwenye kamba, kichwa kinatulia na viwiko vinaachana. Ingia ndani badala yake: paji la uso karibu na bega lake, glavu zako ndani ya mikono yake, na ama umgeuze kwa kusukuma kiwiko chake kwa mkono ulio wazi huku ukipiga hatua ya pembeni, ama umkumbatie hadi refa aseme muachane. Hakuna aibu katika kukumbatia. Aibu ni kula ngumi saba ukisubiri kengele.

Nikuonye kuhusu jambo ambalo mazoezi yanalificha. Kwenye sparingi pengine mnavaa glavu za aunsi 16. Kwenye ngumi za kulipwa, uzito wa hadi ratili 147, yaani takriban kilo 66.7, kwa kawaida hupigana na aunsi 8, na walio juu ya hapo aunsi 10. Glavu ya aunsi 16 ni kubwa. Inaziba uso karibu wote, na inakufanya uamini kwamba umejilinda kumbe ni sifongo ndiyo iliyokulinda. Ngumi za mpinzani nazo zikiwa ndogo zinapenya pale ambapo zamani hazikupenya. Kwa hiyo tenga raundi kadhaa kwa wiki ambapo wewe unayejilinda unavaa glavu ndogo na mwenzako anavaa kubwa, kwa mwendo wa polepole. Siku hiyo usirudishe kichwani, mguse begani tu kuonyesha kwamba ungeweza. Utashangaa sehemu ngapi za uso wako ziko wazi bila wewe kujua.

Mikono yenyewe nayo inaweza kuwa shabaha. Tarehe 19 Desemba 2020 huko San Antonio, Canelo Álvarez alimpiga Callum Smith mikononi pambano zima, kwa makusudi, na Smith alimaliza akiwa na jeraha baya la msuli wa mkono wa kushoto. Mei 2022 Canelo alijaribu mbinu ile ile kwa Dmitry Bivol mjini Las Vegas. Bivol naye anakaa gadi ya juu, na mikono yake iliumia kwa kupigwa. Tofauti ni kwamba kila Canelo alipomaliza kupiga mikono, Bivol alimjibu kwa mfululizo wa ngumi za haraka, kisha akatoka kwenye umbali kabla Canelo hajapanga miguu upya. Majaji wote watatu walimpa Bivol 115–113. Kama unataka bondia mmoja wa kumsoma kwa mtindo wako, ningekuambia usome huyo: miguu inaingia na kutoka, gadi inafunga kwa nukta tu, mikono haikai kimya.

Mtu atakuja kukuambia umwige Mike Tyson, kwa kuwa naye glavu zilikuwa juu. Gadi ile aliyoifundisha kocha wake Cus D'Amato, kuanzia enzi za bingwa Floyd Patterson, inafanana na yako kwa mikono tu. Kichwa hakitulii hata kidogo, na mfumo wote umejengwa kwa mtu anayeingia ndani, si anayesubiri. Chukua kipande kimoja kutoka kwake: baada ya kila kuzuia, kichwa kisibaki pale kilipozuia. Sentimita chache zinatosha.

Mazoezi yenyewe ningeyapanga hivi. Wiki mbili za kwanza, mbele ya kioo, pigana na kivuli chako ukiwa na mpinzani kichwani: zuia, jibu, hama. Usikubali kuzuia hewa bila kitu kufuata, hata ukiwa umechoka, maana mazoea ya uchovu ndiyo utakayoyapeleka ulingoni. Kisha na mwenzako, raundi za dakika tatu, yeye anapiga jebu tu na wewe unadaka na kujibu jebu. Mkishazoea, anaongeza huki moja ya upande wowote bila kukutangazia. Mkono uliopigwa ujibu. Baadaye anaongeza mwili. Kasi iwe asilimia 50 hivi. Ukiona unafumba macho, ipunguze zaidi, usijikaze.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kona. Simama mgongo ukiwa karibu na kona, mwenzako ana ruhusa ya kupiga mbilimbili, na wewe una ruhusa ya kutoka kwa njia moja tu: uzuie, urudishe, uzunguke. Ukitoka bila kurudisha, unarudi konani. Ukirudisha bila kutoka, unarudi konani. Mwanzoni inakera, nawe utamchukia kocha aliyeibuni. Zoezi la padi, zile anazovaa kocha mikononi uzipige, pia lina faida kubwa endapo anayeshika padi anakupiga nazo. Mwombe kocha wako, baada ya kila ngumi tatu zako, arudishe padi moja kichwani au ubavuni bila kusema. Padi zisizorudisha zinajenga bondia anayeshusha mikono akimaliza kupiga.

Sparingi kali usiifanye njia kuu ya kujifunza kuzuia. Ngumi iliyozuiwa bado inatikisa kichwa, kwa kuwa glavu imegusana nacho, na mitikisiko hiyo inajilimbikiza. Kofia ya kichwani inapunguza mikato na michubuko, lakini haizuii ubongo kutikisika. Ukipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au ukungu machoni baada ya mazoezi, simamisha kila kitu kinachogusa kichwa na umwone daktari kabla ya kurudi. Hapo sina mjadala na mtu, hata awe shujaa wa gym nzima.

Gadi ya bega unaweza kuionja baadaye, kipande kwa kipande. Bondia mwenye gadi ya juu nzuri anaweza kuazima bega la mbele kwa ajili ya ngumi ya kulia iliyonyooka, akarudi kwenye gadi yake. Ila hilo lisubiri mpaka uweze kumaliza raundi tatu za sparingi bila mgongo kugusa kamba zaidi ya mara moja kwa raundi.

Na kabla hujaanza lolote kati ya haya, mwombe mtu akurekodi kwa simu raundi moja ya sparingi kutoka ubavuni mwako, si kutoka mbele. Kutoka mbele gadi ya juu inapendeza daima. Kutoka ubavuni utaona kama kichwa kimevuka goti, kama kiwiko cha kulia kinaacha ini wazi unapopiga jebu, na kama miguu inarudi nyuma kabla ngumi haijafika. Kama ni goti, anza na mgongo na apakati. Kama ni kiwiko, anza na kiuno. Kama ni miguu, anza na kona. Nitumie unachokiona, na uniambie pia urefu wako na wa yule anayekusumbua zaidi, kwa sababu jibu la mtu anayepigana na warefu litakuwa na mambo mawili matatu tofauti na haya.